Hongo, takrima au asante? Senti 85 za Ohio na namna sheria inavyonunuliwa Marekani

Julai 2019 jimbo la Ohio lilipitisha sheria ambayo watu wa huko wanaiita kwa kifupi HB6, yaani House Bill 6, muswada namba sita wa Baraza la Wawakilishi. Kwa mwananchi wa kawaida, sheria hiyo ingeonekana kama mstari mmoja tu kwenye bili ya umeme: senti 85 kwa mwezi, kuanzia 2021 hadi 2027. Kwa senti 85 hupati hata soda ya kopo kituo cha mafuta. Nani angegombana na serikali kwa senti 85? Msomaji wa Tanzania anayekatwa kodi ya jengo kila anaponunua LUKU anaielewa mbinu hii bila kufundishwa. Pesa ikikatwa kidogokidogo, tena mahali ambapo huwezi kukwepa kulipa, mkusanyaji analala usingizi.

Sasa zidisha. Nyumba zote za jimbo lenye watu zaidi ya milioni 11, halafu maduka, halafu viwanda, ambavyo vikubwa vyake vingelipa hadi dola 2,400 kwa mwezi. Hapo unapata kama dola milioni 150 kwa mwaka kwa ajili ya vinu viwili vya nyuklia vilivyo kando ya Ziwa Erie, Davis-Besse na Perry. Ukijumlisha na ruzuku ya mitambo ya makaa ya mawe iliyochomekwa ndani ya sheria hiyohiyo, mzigo mzima ulifika takriban dola bilioni 1.3.

Vinu hivyo vilikuwa vya kampuni tanzu ya FirstEnergy, shirika kubwa la umeme lenye makao yake mjini Akron. Gesi asilia ilikuwa imeshuka bei, umeme wa nyuklia ukawa hauuziki kwa faida, na Machi 2018 kampuni tanzu ikaenda mahakamani kuomba ulinzi wa mufilisi. Soko lilikuwa limeshatoa hukumu. Wakubwa wa Akron wakaamua kukata rufaa bungeni.

Rufaa hiyo iligharimu dola milioni 60. Fanya hesabu ya duka: kila dola moja iliyopandwa ilitarajiwa kuvuna zaidi ya 20. Sijui shamba lolote duniani lenye rutuba ya namna hiyo.

Mwanasiasa aliyeandaliwa kwa kazi hii alikuwa Larry Householder, Mrepublican aliyewahi kuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Ohio kati ya 2001 na 2004, akaondoka huku wapelelezi wa FBI wakimchunguza bila kumfungulia mashtaka, kisha akarudi bungeni kwa uchaguzi wa 2016. Alitaka kiti chake cha Spika. Januari 2017 alipanda ndege binafsi ya FirstEnergy kwenda Washington kwenye sherehe za kuapishwa kwa Donald Trump, akala chakula cha jioni na vigogo wa kampuni. Muda mfupi baadaye ikazaliwa taasisi inayoitwa Generation Now.

Hapa inabidi tusimame kidogo, kwa sababu siri yote iko kwenye aina ya taasisi hii. Sheria ya kodi ya Marekani ina kifungu kinachoruhusu kuanzishwa taasisi zisizolipa kodi kwa ajili ya "ustawi wa jamii". Taasisi hizo zinaweza kupokea pesa kiasi chochote kutoka kwa mtu yeyote au kampuni yoyote. Zinaweza kufanya siasa, ilimradi siasa isiwe ndiyo shughuli yake kuu. Na tofauti na mgombea mwenyewe, hazilazimiki kutangaza waliozichangia. Ni kama harusi ambayo michango inapokelewa lakini daftari la kamati limefungiwa kabatini. Kwenye karatasi za Generation Now jina la Householder halikuwepo. Kwa vitendo, alikuwa yeye.

Pesa za FirstEnergy zikaanza kumiminika humo. Kwa pesa hizo Householder aliwadhamini wagombea wake kwenye kura za mchujo za 2018, vijana na wazee ambao wakishinda wangejua wanayemwia shukrani. Wengi walishinda. Januari 2019 wakampigia kura, akawa Spika. Aprili muswada ukasomwa. Julai 23 gavana Mike DeWine akausaini.

Wananchi walijaribu kuupinga kwa kukusanya saini ili HB6 ipelekwe kwenye kura ya maoni. Walihitaji saini zaidi ya 265,000 ndani ya siku 90 tangu sheria isainiwe. Hapo ndipo pesa ilipoonyesha makucha. Runinga zikajaa matangazo ya kuwatisha watu kwamba Wachina wanataka kuuteka umeme wa Ohio, na kwamba anayesaini anamkabidhi mgeni taarifa zake. Wakusanya saini walifuatwa barabarani na watu waliokodiwa kuwasumbua. Wengine waliahidiwa pesa na nauli ya ndege warudi makwao waache kazi. Matt Borges, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa chama cha Republican Ohio, alimpa mtu wa ndani ya kampeni ya saini hundi ya dola 15,000 apate taarifa za upande wa pili. Mtu huyo alikuwa ameshakwenda kwa FBI.

Saini hazikutosha. Sheria ikabaki.

Julai 21, 2020, Householder alikamatwa shambani kwake. Mwendesha mashtaka wa serikali kuu alisema huenda ndiyo hongo kubwa kuliko zote zilizowahi kufanywa dhidi ya watu wa Ohio. Mwaka uliofuata FirstEnergy ilikiri, ikalipa faini ya dola milioni 230 na kusaini makubaliano ya kuahirishiwa mashtaka. Ndani ya makubaliano hayo ikakiri pia kwamba ilimlipa dola milioni 4.3 Sam Randazzo, muda mfupi kabla hajateuliwa kuwa mwenyekiti wa tume ya jimbo inayopanga bei za umeme. Randazzo alikana mashtaka, na alifariki Aprili 2024 kabla ya kesi kusikilizwa. Householder alitiwa hatiani Machi 2023 mjini Cincinnati na Juni akahukumiwa miaka 20 jela. Borges alipata mitano.

Msomaji anaweza kusema: basi, si wamefungwa? Mfumo umefanya kazi. Nami nilifikiri hivyo, mpaka nilipoangalia utetezi wa Householder. Hakukana kwamba pesa ilitoka FirstEnergy. Hakukana kwamba aliisukuma HB6. Alichosema, kwa ufupi, ni kwamba hii ndiyo siasa yenyewe: kampuni inayopenda sera zako inakuchangia, nawe unafuata sera zako. Kinachotisha ni kwamba kwa kiasi kikubwa alikuwa anasema kweli.

Tazama ni nini kilichommaliza. Kwanza, waendesha mashtaka waliweza kuonyesha makubaliano ya wazi ya nipe nikupe. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema tangu 1991 kwamba mchango wa kampeni unakuwa hongo pale tu ambapo ahadi imewekwa waziwazi. Hapa kulikuwa na ujumbe wa simu, mazungumzo yaliyorekodiwa, na washirika wawili waliokiri na kutoa ushahidi. Pili, tamaa ndogo: zaidi ya dola 500,000 za Generation Now zilikwenda kulipa madeni yake ya kadi, gharama za kesi yake na ukarabati wa nyumba yake ya Florida. Angekuwa na subira, akanyamaza kwenye simu na kuiacha nyumba ya Florida ivuje, sijui jopo la waamuzi lingeshika nini.

Mpaka huo kati ya mchango na mlungula haukuwa mwembamba hivyo tangu zamani. Mwaka 1907 Bunge la Marekani lilipiga marufuku kampuni kuwachangia moja kwa moja wagombea wa ngazi ya taifa, na baada ya kashfa ya Watergate, iliyomng'oa Rais Richard Nixon, likaweka ukomo wa michango na matumizi. Ukuta ukaanza kubomolewa 1976, Mahakama ya Juu iliposema kutumia pesa kwenye siasa ni namna ya kusema, na kusema kunalindwa na Katiba. Ukomo wa michango ukabaki, ukomo wa matumizi ukafutwa. Januari 2010, kwenye kesi ya Citizens United, majaji watano dhidi ya wanne wakaipa haki hiyo kampuni pia. Jaji Anthony Kennedy aliandika kwamba pesa inayotumiwa na mtu wa nje, bila kupatana na mgombea, haizai rushwa wala sura ya rushwa. Miezi miwili baadaye mahakama ya rufaa mjini Washington ikaruhusu kamati zinazopokea michango isiyo na ukomo maadamu hazimkabidhi mgombea pesa mkononi. Ndizo zinazoitwa Super PAC.

Matokeo yake ni kichekesho cha kisheria. Ukimpa mgombea wa urais dola 10,000 kwa ajili ya uchaguzi mmoja umevunja sheria. Ukitumia milioni 250 kumpigia debe "kivyako", umetumia uhuru wako wa kusema. Elon Musk alitumia zaidi ya kiasi hicho mwaka 2024 kumsaidia Trump, kisha akapewa kazi ya kusimamia ukataji wa matumizi ya serikali ambayo kampuni yake ya roketi ina mikataba nayo ya mabilioni. Hakuna kifungu alichoshtakiwa nacho, na kwa sheria ilivyo, sioni ambacho angeshtakiwa nacho. Wademocrat nao wana mabilionea wao, tena hawaoni haya kuwaalika chakula cha jioni.

Mahakama haikuishia kwenye michango. Imekuwa pia ikilipunguza neno "hongo" lenyewe, kama fundi anayepunguza suruali mpaka inakuwa kaptula. Bob McDonnell alikuwa gavana wa Virginia. Yeye na mkewe walipokea zawadi na mikopo ya zaidi ya dola 175,000 kutoka kwa mfanyabiashara wa virutubisho: saa ya Rolex, magauni ya mbunifu, gharama za chakula kwenye harusi ya binti, na gari la Ferrari la kutembelea likizo. Gavana naye akampangia mfanyabiashara vikao na maofisa wa afya na kumfanyia hafla kwenye ikulu ya jimbo. Mwaka 2016 majaji wote wanane wa Mahakama ya Juu waliifuta hukumu yake. Jaji Mkuu John Roberts alikubali kwamba mambo hayo yanachefua. Lakini kupanga kikao au kupiga simu, alisema, si "kitendo rasmi" cha kiserikali.

Kisha ikaja kesi ya malori ya taka, ambayo kwangu ndiyo inayofundisha kuliko zote. James Snyder alikuwa meya wa Portage, mji mdogo wa Indiana. Mwaka 2013 mji wake ulinunua malori matano ya kuzolea taka kwa takriban dola milioni 1.1 kutoka kwa muuzaji mmoja. Mwaka 2014 muuzaji huyo akamlipa meya dola 13,000. Snyder alisema ni malipo ya ushauri. Waendesha mashtaka walisema ni asante ya zabuni. Juni 2024 majaji sita dhidi ya watatu waliamua kwamba hata kama ni asante, sheria ya serikali kuu iliyotumika dhidi yake inakataza hongo inayoahidiwa kabla ya kitendo. Haikatazi shukrani inayotolewa baadaye kwa ofisa wa jimbo au wa mji. Majimbo yakitaka kuikataza, ni juu yao.

Yaani kwa ofisa wa Indiana tofauti ya jela na nyumbani ni kalenda.

Mswahili akisoma hukumu hiyo hahitaji mkalimani. Sisi tuna kitu kidogo, tuna chai, tuna bahasha, na Watanzania tuna neno ambalo Marekani ingetulipa hakimiliki: takrima. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yalisema kinachotolewa kwa nia njema kama ukarimu wa kiasili kisihesabiwe kuwa rushwa. Wagombea wakaelewa haraka. Pilau ikawa ukarimu, khanga ikawa ukarimu, na mwenye mfuko mkubwa akawa mkarimu kuliko wenzake. Wanaharakati wakaenda mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ya Tanzania ikavifuta vifungu hivyo kwa sababu vilimpendelea mwenye nacho na kukiuka usawa ulio kwenye Katiba. Sisemi kwamba tangu siku hiyo pilau zimekoma. Ila majaji wetu waliiita takrima kwa jina lake, wakati wenzao wa Washington miaka 18 baadaye walikuwa wanaitafutia kiti.

Ajabu nyingine ni kwamba Mmarekani anayefanya mambo haya nje ya nchi yake alikuwa akibanwa kuliko anayeyafanya nyumbani. Tangu 1977 wana sheria inayokataza kampuni zao kuwahonga maofisa wa mataifa mengine. Mwaka 2016 mfuko wa uwekezaji wa New York, Och-Ziff, ulikubali kulipa takriban dola milioni 412 kwa sababu ya hongo zilizotolewa Afrika, zikiwemo za kupata haki za madini Kongo. Februari 2025 Rais Trump aliagiza utekelezaji wa sheria hiyo usitishwe kwa muda, akisema inazifunga mikono kampuni za Marekani zinaposhindana na wengine.

Lakini tukibaki kwenye watu wa kufungwa na kuachiwa, tutakosa kilicho kikubwa zaidi. Kashfa ya Ohio ina thamani ya bilioni 1.3. Kuna biashara kubwa kuliko hiyo iliyofanyika mchana kweupe, bila hata faini. Mwaka 2003 Bunge la Marekani lilianzisha bima ya dawa kwa wazee, na ndani yake likaandika kwamba serikali hairuhusiwi kupatana bei na kampuni za dawa. Soma tena. Mnunuzi mkubwa kuliko wote alikatazwa kwa sheria kuomba apunguziwe, jambo ambalo kila mama anayekwenda Kariakoo kununua nyanya analifanya kabla hajatoa noti. Billy Tauzin alikuwa mwenyekiti wa moja ya kamati zilizoshughulikia sheria hiyo. Januari 2005 aliondoka bungeni na kuwa mkuu wa chama cha watengenezaji dawa kwa mshahara wa mamilioni. Hakuvunja sheria yoyote. Ilichukua mpaka 2022 kwa serikali kuruhusiwa kupatana bei, tena kwa dawa chache za kuanzia, na bei za dawa 10 za kwanza zilianza kutumika Januari 2026. Zaidi ya miaka 20.

Householder amepewa miaka 20, Tauzin alipewa ofisi. Ukiuliza tofauti yao iko wapi, wakili atakueleza kwa ufasaha na atakuwa sahihi. Mgonjwa aliyekuwa akigawa kidonge nusu kwa nusu ili dawa ifike mwisho wa mwezi asingeiona.

Hali hii haiwezi kutenganishwa na namna mali ilivyorundikana. Asilimia 1 ya familia tajiri zaidi za Marekani zinamiliki takriban asilimia 30 ya mali yote ya kaya, wakati nusu ya chini nzima inagawana kama asilimia 2.5. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa, na hakijapanda tangu Julai 2009. Kampuni, vyama vya wafanyabiashara na makundi mengine hutumia zaidi ya dola bilioni 4 kila mwaka kwa washawishi waliosajiliwa Washington. Wapokeaji wa 7.25 hawana mshawishi kwenye korido hizo. Si lazima mtu ahongwe ili mshahara huo usipande. Inatosha hoja isifike kwenye kura.

Na asije mtu akadhani ni tabia ya Warepublican wa Ohio. Siku nne tu kabla Householder hajakamatwa, kampuni ya umeme ya ComEd huko Illinois ilikubali kulipa faini ya dola milioni 200 kwa kuwapa ajira na mikataba isiyo na kazi ya maana jamaa wa Michael Madigan, Mdemocrat aliyekalia kiti cha Spika wa jimbo hilo kwa miaka 36. Kampuni ya umeme, spika, sheria za bei: mchezo uleule na jezi ya rangi nyingine. Madigan alihukumiwa miaka saba na nusu Juni 2025. Seneta Bob Menendez wa New Jersey, Mdemocrat pia, alipata 11 baada ya wapelelezi kukuta nyumbani kwake vipande vya dhahabu na noti zilizosokomezwa hata kwenye mifuko ya makoti. Dhahabu kwenye kabati bado inafunga mtu Marekani. Ni ujinga wa kizamani, na wenye akili wameuacha.

Turudi kwenye bili. Zile senti 85 hazikukatwa kamwe: jaji alizizuia Desemba 2020, na Machi 2021 ruzuku ya nyuklia ikafutwa. Vinu havikufungwa. Bei za umeme zilipanda, na 2024 kampuni iliyokuwa ikivimiliki ikachukuliwa na Vistra ya Texas katika dili lililotangazwa kwa takriban dola bilioni 3.4. Vile vilivyodaiwa kuwa mahututi bila msaada wa wananchi vikapata mnunuzi.

Ila wabunge walipofuta ya nyuklia waliiacha ya makaa ya mawe. Wateja wa Ohio waliendelea kuchangia mitambo miwili iliyojengwa miaka ya 1950, Kyger Creek na Clifty Creek, na huo wa pili haumo hata Ohio. Uko ng'ambo ya mpaka, Indiana. Walilipa wakati Householder anafukuzwa bungeni, wakalipa wakati anahukumiwa, na alipokuwa tayari na karibu miaka miwili gerezani walikuwa bado wanalipa. Sheria ya kuikomesha ruzuku hiyo ilisainiwa Mei 2025. Aliyeisaini ni Mike DeWine, gavana yuleyule aliyesaini HB6, ambaye hajawahi kushtakiwa kwa lolote katika jambo hili.